Kinoo Ndicho Kipimo: Somo la Kutengeneza Sanduku la Kinoo katika Shule ya Msingi

1. Utangulizi

Mwalimu wa shule ya msingi anayefundisha kazi za mikono hukutana mapema na tatizo la zana butu. Patasi butu haikati ubao. Huusukuma na kuuchana. Mtoto anayeitumia hulazimika kuongeza nguvu, na nguvu inapozidi patasi huteleza na kuelekea mkononi. Hivyo mwalimu anayeacha zana zake ziwe butu kwa kudhani kwamba anawaepusha watoto na hatari, kwa kweli anawatia hatarini. Pamoja na hayo, mtoto anayefanya kazi kwa zana butu huishia kuamini kwamba ufundi si fungu lake, na imani hiyo huweza kudumu kuliko jeraha.

Zana hunolewa kwa kinoo. Lakini katika shule nyingi kinoo hulala ndani ya kabati pamoja na misumari, chaki na vipande vya vyuma. Hukusanya vumbi, hupigwa na nyundo, na siku moja huanguka sakafuni na kukatika vipande viwili. Kinoo kikishakatika, patasi zote za shule huanza kufa polepole.

Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi mwalimu mwanafunzi anavyoweza kufundisha utengenezaji wa sanduku la mbao la kuhifadhia kinoo. Kazi hii yafaa kwa darasa la sita na la saba. Ni kazi ndogo, haihitaji mbao nyingi, na matumizi yake huonekana siku ile ile inapokamilika. Lakini tumeichagua hasa kwa sababu nyingine. Sanduku la kinoo ni kazi ambayo haiwezi kufanywa vizuri kwa kunakili tarakimu kutoka ubaoni. Mwanafunzi hana budi kupima kitu chenyewe. Hilo ndilo fundisho tunalotaka mwanachuo alichukue kutoka katika kurasa hizi: kinoo ndicho kipimo, wala si mchoro wa mwalimu.

2. Kwa nini tusianze na tarakimu

Mazoea ya walimu wengi ni kuingia darasani na mchoro uliokamilika. Mwalimu huandika ubaoni: urefu milimita 200, upana milimita 50, kina milimita 15. Wanafunzi hunakili, hupima, hukata. Mwishoni kinoo hakiingii, au kinaingia na kucheza kama jino bovu. Mwanafunzi hajui kosa liko wapi, kwa maana alifuata kila alichoambiwa.

Kosa liko katika tarakimu zenyewe. Vinoo vingi vya dukani vilikadiriwa kwa inchi: urefu inchi 8, upana inchi 2, unene inchi 1. Tangu mwaka 1959 inchi moja imekubaliwa na nchi zilizokuwa zikiitumia kuwa milimita 25.4 kamili. Basi kinoo cha inchi 8 kina urefu wa milimita 203.2, na upana wake ni milimita 50.8. Viwanda vingine hutengeneza kinoo cha milimita 200 kwa 50 kamili. Vinoo hivi viwili vikiwekwa mezani macho hayatambui tofauti, lakini kile cha kwanza hakiingii katika shimo la kile cha pili. Zaidi ya hayo, kinoo cha zamani kinaweza kuwa kimemeguka pembe au kimelika upande mmoja. Kinoo cha mtoni ambacho mkulima hunolea panga lake hakina hata upande mmoja ulionyooka.

Mwaka 1967, katika kijitabu chake cha Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere alieleza kwamba shule ziwe jumuiya zinazofanya kazi na kuzalisha, si mahali pa kusikiliza tu. Wazo hilo lina thamani kwa mwalimu wa ufundi hata leo, lakini hutimia tu pale ambapo mtoto anafikiri wakati mikono yake inafanya kazi. Mtoto anayekata ubao kwa kufuata tarakimu asizojua zimetoka wapi anafanya kibarua. Anayeshika kinoo, akakiweka juu ya ubao, akajiuliza kitaingiaje na kitatokaje, huyo anajifunza.

3. Mambo ambayo mwalimu ayajue kwanza

(a) Kinoo. Vinoo vingi vya dukani vimetengenezwa kwa chembe ngumu za kaborandamu au za oksidi ya alumini, zilizoshikanishwa na kuchomwa kwa moto mkali. Njia ya kutengeneza kaborandamu iligunduliwa na Edward Acheson wa Marekani mwaka 1891. Kinoo cha namna hii ni kigumu kuliko chuma cha patasi, lakini hukatika upesi kikianguka juu ya saruji. Mara nyingi kina pande mbili: upande wenye chembe kubwa wa kuondoa mapengo, na upande laini wa kumalizia makali. Kwa hiyo lazima kiweze kutolewa katika sanduku na kugeuzwa. Kamwe kisigandishwe kwa gundi.

(b) Mafuta na maji. Kinoo cha mafuta hutiwa mafuta mepesi ya mashine, au mafuta hayo yakichanganywa na mafuta ya taa kidogo. Kazi ya mafuta ni kuelea na vumbi la chuma ili lisizibe vitundu vya kinoo. Mafuta ya kula hayafai, kwani hugandamana na kukifanya kinoo kiteleze bila kukata. Kinoo kinachotumiwa kwa maji kisifungiwe sandukuni kikiwa kimelowa, maana ubao utavimba na kuota ukungu. Kikaushwe kwanza.

(c) Ubao. Ubao huvimba na kusinyaa zaidi kwa upana wake kuliko kwa urefu wa nyuzi zake. Ndiyo sababu kinoo huachiwa nafasi ndogo upande wa upana, na nyuzi za sanduku huelekezwa kufuata urefu wa kinoo. Mninga unafaa sana kwa kuwa hautembei mno ukishakauka. Mtiki, mkangazi na mvule pia hufaa. Hatushauri shule inunue mbao za thamani kwa kazi hii. Mabaki yanayotupwa na mafundi wa samani yanatosha kabisa, kwani kipande cha urefu wa sentimita 25 hakimfai fundi wa vitanda. Mwalimu achague vipande vilivyokauka, visivyo na vifundo wala nyufa. Aangalie pia kwamba vumbi la mninga na la mvule huwawasha baadhi ya watu pua na ngozi. Kazi ya msasa ifanyiwe nje au mahali penye hewa.

4. Matayarisho: vinoo vitoke wapi?

Hapa mwanachuo atauliza swali la haki. Ikiwa shule ina kinoo kimoja na darasa lina wanafunzi 48, je, tutengeneze masanduku manane kwa kinoo kimoja? La. Masanduku saba kati ya hayo yatakuwa makopo ya vumbi, na watoto watajua kwamba kazi yao ilikuwa ya kuonyeshwa tu.

Njia tunayoipendekeza ni hii. Wiki moja kabla ya somo, mwalimu aligawe darasa katika vikundi vinane vya wanafunzi sita, na kila kikundi kitafute kinoo chake kijijini au mtaani. Kimoja kitachukua kinoo cha shule. Kingine kitakwenda kwa seremala, kingine kwa mshona viatu, kingine kwa kinyozi au mchinjaji, vingine kwa wazazi wenye vinoo vya kunolea mapanga na visu. Watoto wamwendee mwenye kinoo kwa adabu, wamweleze kwamba shule inataka kumtengenezea sanduku, na wamwombe ruhusa ya kukipima.

Faida za njia hii ni tatu. Kwanza, vinoo vyote vinane vitakuwa tofauti, kwa hiyo hapana kikundi kitakachoweza kunakili kipimo cha jirani. Pili, kila sanduku litakuwa na mwenyewe anayelingoja, na mtoto hufanya kazi kwa uangalifu zaidi anapojua kwamba Mzee fulani atalishika sanduku lake na kulijaribu. Tatu, watoto watasikia kutoka kwa wenye kazi jinsi kinoo kinavyotumiwa, na mwalimu mwenyewe atajifunza mengi.

Kinoo cha mtu ni riziki yake. Hakikai shuleni wiki nzima. Siku ya kupima, watoto watengeneze kiolezo cha kinoo kwa kadi ngumu au ubao mwembamba: umbo la juu, na kipande kingine kinachoonyesha unene. Kisha kinoo kirudishwe siku hiyo hiyo. Kitaazimwa tena mara moja tu, siku ya kujaribisha. Mwalimu aandike katika daftari jina la mwenye kinoo, kikundi kilichokichukua, na siku ya kurudisha.

Zana zinazohitajika ni msumeno, randa, mahati, skwea, rula, penseli kali, patasi mbili za upana tofauti (milimita 12 na 25 zinafaa), nyundo ya mbao, keekee, jiliwa au klampu, na msasa. Shule isiyo na zana hizi zote itumie njia ya pili tutakayoieleza katika sehemu ya 6.

5. Hatua za kazi: njia ya kuchimba

Sanduku lina sehemu mbili, kitako na kifuniko. Kila sehemu ni kipande kizima cha ubao kilichochimbwa shimo la umbo la kinoo. Kinoo hukaa katika kitako na kutokeza juu, kisha kifuniko hukifunika sehemu iliyotokeza. Tutatoa mfano wa kinoo chenye milimita 200 kwa 50 kwa 25. Tunarudia kusema kwamba hizi ni tarakimu za mfano, na mwalimu asiziandike ubaoni.

Hatua ya kwanza: kukata vipande. Kitako kiwe kirefu kuliko kinoo kwa milimita 25 kila ncha, na kipana kuliko kinoo kwa milimita 12 hivi kila upande. Kwa kinoo cha mfano tunapata urefu wa milimita 250, upana wa milimita 75 na unene wa milimita 25. Kifuniko kiwe na urefu na upana huo huo, na unene wa milimita 20. Wanafunzi waulizwe kwa nini kuta za ncha ni nene kuliko kuta za ubavu. Jibu lipatikane kwa kuwaonyesha kipande cha ubao kilichokatwa kifupi: nyuzi za ukuta wa ncha zimekatwa fupi, hivyo huchanika kwa pigo dogo la patasi.

Hatua ya pili: kuchora. Hii ndiyo roho ya somo, na mwalimu asiiharakishe. Mwanafunzi achore mstari wa katikati wa kitako kwa urefu na kwa upana. Kisha aweke kinoo chenyewe, au kiolezo chake, juu ya mistari hiyo hadi kikae katikati. Mwenzake akishike kisisogee. Mchoraji azungushe penseli kali iliyolala kidogo ili ncha yake iguse kabisa ukingo wa kinoo. Kabla ya kukiondoa, waweke alama ndogo kwenye ncha moja ya kinoo au kiolezo na alama kama hiyo kwenye ubao, kwa maana kinoo kisicho sawa pande zote hakitaingia kikigeuzwa.

Kwa kitako, mwanafunzi achimbe ndani ya mstari na kuuacha mstari uonekane. Kwa kifuniko, achore mstari wa pili nje ya ule wa kwanza, umbali wa milimita 1 pande zote, na achimbe hadi mstari huo wa nje. Hivyo kitako kitakishika kinoo, na kifuniko kitavaa na kuvuka bila kukwama. Mwalimu asiwape watoto maelezo haya moja kwa moja. Aulize: "Sehemu ipi ishike kinoo, na ipi iachie?" Awaache wajadiliane.

Hatua ya tatu: kupanga kina. Kinoo kitokeze juu ya kitako angalau milimita 10 ili patasi na vidole visigonge ubao wakati wa kunoa. Kwa kinoo cha unene wa milimita 25, shimo la kitako litakuwa na kina cha milimita 15, na la kifuniko milimita 12, yaani 10 za kinoo na 2 za nafasi. Kitako kitabakiwa na sakafu ya milimita 10 na kifuniko milimita 8. Kila kikundi kipige hesabu ya kinoo chake na kumwonyesha mwalimu kabla ya kuanza kuchimba.

Hatua ya nne: kuchimba. Kwanza tumia keekee kutoboa matundu mengi ndani ya mstari ili kupunguza kazi ya patasi. Funga kitambaa kwenye ncha ya keekee kuonyesha mahali pa kukomea. Kumbuka kwamba kidole cha katikati cha ncha hutangulia mbele ya makali yake. Kina kihesabiwe kutoka kwenye kidole hicho, la sivyo sakafu ya sanduku itatoboka.

Kisha patasi ianze. Anza kukata ncha mbili zinazokatiza nyuzi, halafu kuta za ubavu zinazofuata nyuzi. Ukianza na ubavu, ubao waweza kupasuka na ufa ukavuka mstari wa ncha. Pigo la kwanza lisipigwe juu ya mstari, bali milimita 2 ndani yake, kwa sababu mshazari wa patasi husukuma ubao pande zote mbili. Fanya kazi kutoka katikati kuelekea ncha, tabaka jembamba baada ya jembamba. Kuta zisafishwe mwisho kabisa, kwa mkono bila nyundo, upande bapa wa patasi ukielekea ukutani.

Kina kipimwe mara kwa mara kwa kipima kina ambacho mwanafunzi hujitengenezea: kipande cha ubao mwembamba chenye msumari uliotokeza milimita zinazotakiwa. Ubao ukilala juu ya kitako na msumari ukagusa sakafu kila mahali, shimo liko tayari. Ukiyumba, kuna kilima.

Hatua ya tano: kujaribisha. Kinoo kiletwe. Kiingie kwa kusukumwa kwa vidole, si kwa kupigwa. Kikikataa, mwanafunzi apake ukingo wa kinoo chaki, akisukume kidogo na kukitoa. Mahali penye chaki kwenye ukuta ndipo panapobana. Apapunguze hapo tu. Mwisho atoboe tundu dogo katikati ya sakafu ya kitako, la kupitishia kijiti cha kusukumia kinoo nje.

Hatua ya sita: kumaliza. Kona za juu zipunguzwe kwa randa, nje pasuguliwe kwa msasa na kupakwa mafuta ya kitani au mafuta mengine ya mbao. Ndani pasipakwe rangi. Chini ya kitako pigilia msumari mdogo karibu na kila ncha, ukate kichwa chake na kuacha milimita 1 iliyochongoka, ili sanduku lisiteleze juu ya benchi wakati wa kunoa. Ikiwa mwenye kinoo hutumia meza ya nyumbani, badala ya misumari pigilia kipande cha ubao kitakachoshika ukingo wa meza.

6. Njia ya pili: kuunga

Shule isiyo na patasi, au darasa la tano, laweza kutengeneza sanduku kwa kuunga. Kinoo huwekwa juu ya ubao bapa, kisha fito nne nyembamba huzungushiwa kinoo na kugandishwa kwa gundi na misumari midogo. Fito ziwe na kimo cha milimita 15 kwa kitako na 12 kwa kifuniko. Kinoo kitolewe kabla gundi haijakauka. Fito za kifuniko zisogezwe nje kidogo kwa kuweka kipande cha kadi kati yake na kinoo. Misumari ipigwe mbali na ncha za fito ili zisipasuke. Sanduku hili si imara kama lile la kwanza, lakini somo lake la kupima ni lile lile.

7. Kuendesha darasa kubwa

Tuchukue vipindi viwili mfululizo vya dakika 40, kwa wiki nne. Wiki ya kwanza, vikundi vyote hupima, hutengeneza violezo na kuchora. Wiki ya pili na ya tatu, vikundi viwili huchimba, viwili hutoboa kwa keekee, viwili hukata vifuniko na kupiga randa, na viwili hufanya hesabu na michoro, kisha hubadilishana kila baada ya dakika 20. Wiki ya nne ni ya kujaribisha, kumaliza na kufundisha kunoa kwenyewe.

Katika kikundi kinachochimba wafanye kazi wanafunzi wawili wawili: mmoja anachimba, mwenzake anapima kina na kusema lini akome. Kazi ifungwe kwenye jiliwa au klampu kila mara. Mikono yote miwili ikae nyuma ya makali. Anayetembea na patasi aielekeze chini, na hapana mtu kusimama mbele ya anayechimba. Sanduku la huduma ya kwanza liwe mahali linapoonekana. Kabla ya kila kipindi mwalimu mwenyewe azinoe patasi zote. Kufundisha sanduku la kinoo kwa patasi butu ni kujikanusha mbele ya watoto.

Mwalimu mgeni atavutwa sana kuishika patasi ya mtoto na kumalizia pale palipoharibika. Tunamshauri ajizuie. Sanduku lililomaliziwa na mwalimu ni zuri kulitazama, lakini mtoto halitambui kuwa lake. Akitaka kuonyesha jambo, aonyeshe juu ya kipande kingine, kisha amrudishie mtoto kazi yake. Ukuta ukipasuka, watoto wafundishwe kuugandisha kwa gundi na kuufunga kwa uzi hadi kesho. Shimo likiwa pana mno, ubandikwe ukanda mwembamba wa ubao ukutani. Fundi hujulikana pia kwa namna anavyotengeneza kilichoharibika.

8. Uhusiano na masomo mengine

Katika hisabati, shimo la kitako cha mfano wetu lina ujazo wa 200 × 50 × 15, yaani milimita za ujazo 150,000, au sentimita za ujazo 150. Kipande chote kabla ya kuchimbwa kilikuwa na sentimita za ujazo 468.75. Basi karibu theluthi moja ya ubao imegeuka maranda. Kila kikundi kipate jibu lake kwa kinoo chake. Kugeuza inchi kuwa milimita ni zoezi jingine zuri la desimali, na safari hii mtoto anaona kwa macho kwamba desimali ikipuuzwa kinoo hakiingii.

Katika sayansi, jadilini kwa nini ubao huvimba, kwa nini kutu huanza kwenye patasi iliyoachwa na maji, na kwa nini mafuta huizuia. Katika Kiswahili, kila kikundi kiandike barua ya shukrani kwa mwenye kinoo, pamoja na maelezo mafupi ya jinsi ya kulitunza sanduku.

9. Upimaji

Mwalimu asipime uzuri wa nje peke yake. Tunapendekeza alama 20 zigawanywe hivi:

Kinoo kinaingia kwa vidole na hakigongi kikitikiswa: alama 5.
Kifuniko kinavaa na kuvuka kwa mkono mmoja: alama 4.
Sakafu ya shimo ni tambarare na kuta hazikupasuka, au zilizopasuka zimetengenezwa vizuri: alama 4.
Usalama na ushirikiano wakati wa kazi: alama 3.
Mwanafunzi anaeleza kila kipimo kimetoka wapi: alama 4.

Jambo la mwisho lipimwe kwa mdomo, mmoja mmoja. Mwalimu aguse ukuta wa sanduku na kuuliza, "Kwa nini hapa pana unene huu?" Mtoto akijibu, "Ndivyo tulivyoambiwa," bado hajafaulu, hata kama sanduku lake linapendeza. Akijibu, "Kwa sababu kinoo cha fundi wetu kimelika upande huu," huyo amefaulu, hata kama ukuta wake umegandishwa kwa gundi.

10. Hitimisho

Wahenga walisema, mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Lakini ukali wa kisu hutoka kwenye kinoo, na kinoo kizima hutoka kwenye mikono ya mtu anayejali. Mtoto aliyepima kinoo cha seremala, akakitengenezea nyumba na kumpelekea mwenyewe, amejifunza kupima, kukata na kunoa. Amejifunza pia kwamba kazi yake inaweza kumfaa mtu mzima. Mwalimu atakayeingia darasani na vinoo vinane tofauti, ubao mweusi ukiwa mtupu, atakuwa na kipindi chenye maswali mengi na kelele kiasi. Asiogope kelele hizo. Ni za watoto wanaopima.

Maswali na mazoezi kwa mwanachuo

1. Tafuta vinoo vitatu katika eneo la chuo. Vipime kwa milimita na ueleze tofauti zake.
2. Eleza kwa nini kuta za ncha za sanduku huachwa nene kuliko kuta za ubavu. Utamwonyeshaje mtoto jambo hilo bila kumwambia?
3. Kinoo kina unene wa milimita 22. Panga kina cha shimo la kitako na la kifuniko, ukitoa sababu.
4. Tengeneza sanduku la kinoo wewe mwenyewe, kwa njia ya kuchimba, kabla ya kwenda mazoezi ya kufundisha. Andika mahali ulipopata shida na jinsi utakavyomsaidia mwanafunzi mahali hapo.
5. Chagua kazi nyingine ya mikono ambayo kipimo chake hutoka katika kitu chenyewe, kwa mfano mpini wa jembe au ala ya panga. Andaa azimio la somo la dakika 80.